Usiniwekee Sahani

Mama alipomaliza kugawa sahani, niliona kwamba mgeni hana.

Mwanzoni nilidhani amesahau. Mama si mtu wa kusahau, lakini siku ya mgeni kila mtu huchanganyikiwa kidogo, na huyu hakuwa mgeni wa hivi hivi. Alikuwa mwanaume niliyemleta nyumbani ili aonekane. Mama alikuwa ameamka alfajiri kufagia hata mahali ambapo hakuna mtu angekanyaga. Sahani moja aliiweka mbele ya mjomba, kaka yake, ambaye tangu baba afariki ndiye anayekalia kiti cha baba huku akijifanya kiti hicho hakimhusu. Moja akaiweka mbele yangu, moja mbele yake mwenyewe. Mbele ya mgeni wangu, Kimya, palikuwa na kitambaa cha meza tu, kile cha maua, kimepigwa pasi.

"Mama, sahani imepungua," nikasema, nikainuka.

"Kaa. Haijapungua. Nimefuata maelekezo."

"Maelekezo ya nani?"

"Yake mwenyewe." Akamgeukia mgeni kwa adabu zote, utadhani anamkaribisha. "Si wewe uliyeimba kwamba usiwekewe sahani? Basi sikukuwekea. Sisi nyumba hii wimbo tunausikiliza."

Mjomba akakohoa ndani ya leso. Mjomba akitaka kucheka mbele za watu hukohoa, na ukoo mzima unajua. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kiti changu.

Hapa lazima nieleze kazi yangu, la sivyo mtamwona mama mkorofi bure. Mimi ni mtangazaji. Kila siku ya kazi, kuanzia saa tano mpaka taarifa ya habari ya saa saba, nina kipindi cha kuchambua nyimbo za mapenzi. Naupiga wimbo, nausimamisha, narudia mstari, nauliza: huyu anayeimba anataka nini hasa? Anataka kuoa, au anataka kusindikizwa tu mpaka kona? Wasikilizaji wanapiga simu, tunabishana, tunacheka. Wamenipa jina la Bi Mistari, na siku hizi hata muuza mboga wa mtaani kwangu ananiita hivyo. Najivunia, sitaficha. Watu wengi wanausikia wimbo kwa kiuno. Mimi nimewafundisha kusikiliza nani anafungua mlango na nani anaufunga.

Kimya ni mwimbaji. Anatunga mwenyewe, anapiga gitaa mwenyewe, na jina hilo amepewa na waandishi wa habari, kwa sababu akiulizwa swali refu hujibu "ndiyo" au "sijui", kisha anakunywa maji. Muda mrefu kabla sijamwona kwa macho, nilizichambua nyimbo zake juma zima. Nilisema hewani kwa sauti yangu hii: "Ndugu msikilizaji, mchunguze huyu bwana. Nyimbo zake zote zinafanyika nje. Benchi la stesheni, ngazi za nyumba ya watu, kivuli cha ukuta. Hakuna wimbo hata mmoja ambamo amevua viatu." Nikamalizia na ule mkubwa, ule ambao mpaka leo unapigwa kwenye saluni na kwenye maduka ya simu:

*Usiniwekee sahani, mpenzi, chakula kitapoa,*
*Usiniachie taa, mpenzi, usiku utaisha.*

*Ukiulizwa niko wapi, mpenzi, sema hujui,*
*Nipende nikiwa karibu, nikiwa mbali usiningoje.*

"Beti mbili," nilisema. "Halafu mahali pa ubeti wa tatu, pale ambapo mtunzi yeyote angetuambia sasa inakuwaje, gitaa linalia peke yake mpaka mwisho. Hana la kusema. Ndoa ni ubeti wa tatu, wapendwa, na huyu bwana ubeti wa tatu hana."

Sentensi hiyo ilipendwa sana. Kuna binti alinipigia akaniambia amemwacha mchumba wake kwa ajili ya sentensi hiyo, na akanishukuru.

Kimya alikuja kituoni siku chache baadaye. Nilijua amekuja kugomba, nikajiandaa. Alikaa mapokezi mpaka kipindi kikaisha, akasimama, akasema, "Umenisikiliza kuliko ninavyojisikiliza." Basi, hakuongeza neno. Aliniangalia kwa yale macho yake yasiyo na haraka, nikasahau nilichokuwa nimejiandaa kumjibu. Hayo mengine, ya chai, ya matembezi, ya mimi kuanza kujipaka manukato siku za kazi, yalishapita. Mwezi uliopita aliniambia anataka kunioa. Hakuimba. Alisema tu, kwenye maegesho ya magari ya kituo, amenishikia mwavuli. Nilimtaka kwa moyo wangu wote. Nilitaka pia baraka za mama, maana mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na bila yeye nisingeolewa kwa raha hata kwa siku moja. Nilichosahau ni kwamba mama hakosi kipindi changu.

Basi tukawa mezani, wali unatoa mvuke, watatu tuna sahani na mmoja hana.

"Bwana mwimbaji," mama akaanza, huku akimpakulia mjomba nyama. "Mimi nyimbo sikuzisomea. Aliyezisomea ni huyu hapa. Lakini alichosema juu yako nakikumbuka."

Na akakisema. Benchi la stesheni, ngazi, viatu, ubeti wa tatu, vyote kama nilivyovitangaza, na hata pale ninapovuta pumzi naye alivuta. Kusikia maneno yako yakitoka kinywani mwa mama yako, tena kwa ajili ya kukunyang'anya mume, sijui niite adhabu gani.

Mjomba akainama kidogo, akachungulia chini ya meza. "Leo viatu amevua," akasema. "Soksi nzima, haina tundu."

"Kula, mjomba," nikamwambia.

"Nakula. Natoa taarifa tu."

Mama hakucheka. "Baba yake huyu alikuwa fundi wa mafriji," akamwambia Kimya. "Hakuwahi kuniimbia. Angejaribu, majirani wangehama. Lakini jua likianza kushuka nilikuwa nasikia geti. Miaka yote ile, geti. Mimi kufunika chakula cha mtu na kumsubiri sikujifunza, na mwanangu sikumfundisha. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Basi nakuuliza jambo moja, unijibu kama mtu mzima. Haya aliyoyasema mwanangu redioni, alisema kweli au alikosea?"

Nikaona mtego ulivyokaa. Akisema nimekosea, amenivunjia kazi yangu mbele ya mama yangu. Akisema nimesema kweli, hana mke. Kati ya hayo mawili mimi sikuwa na shaka, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Sema nimekosea. Sema sijui nyimbo, sema nilikuwa natafuta wasikilizaji, sema lolote. Kazi yangu ningeitetea mwenyewe kesho yake saa tano.

Kimya akauondoa mguu wake taratibu.

"Alisema kweli," akajibu.

Kijiko cha mjomba kikasimama njiani. Mama akaweka chake chini.

"Hata hilo la ubeti wa tatu?"

"Hata hilo. Nilijaribu kuuandika, sikuweza. Nikaacha gitaa."

Mama alimtazama. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha, maana hasira ya mama naijua pa kuishika. "Haya," akasema. "Asante kwa kutonidanganya." Akaendelea kula. Tukala hivyo, sisi watatu, na mgeni akanywa maji. Mjomba alisimulia habari ya jirani aliyenunua gari bila kujua kuliendesha, na hakuna aliyemsaidia kucheka.

Kimya alipoaga, alikaa kwenye ngazi ya mlangoni akafunga kamba za viatu vyake. Kisha akainua uso.

"Mama, hapa huwa mnaanza kupika saa ngapi?"

"Saa tano. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Akashukuru, akaondoka. Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma. "Njaa hiyo. Si mngempa hata ndizi?"

Nilimgeukia mama, nikiwa na mengi ya kusema, lakini aliniwahi. "Nimempenda," akasema, akikusanya sahani. "Sikutegemea, lakini nimempenda, ni mkweli. Sasa huyo mkweli amekwambia kwa mdomo wake kwamba hajui kurudi nyumbani. Unataka akwambie mara ngapi?"

Nikatoka mbio kumfuata Kimya.

Nilimkuta kwenye kona, kwenye karakana ya kuziba matairi ambayo ilikuwa imefungwa. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Hata katika uchungu wangu niliona jambo hilo: huyu mtu na kuta zake.

"Ulishindwa nini kusema nimekosea?" nikamuuliza kabla hata sijapumua. "Neno moja tu. Moja."

"Ungeniamini?"

"Mama angekuamini."

"Simwoi mama." Alisema kwa upole, hakuna kejeli ndani yake. "Nakuuliza wewe. Ningesema ulikosea, ukabaki peke yako chumbani kwako ukaurudia ule wimbo, ungeniamini?"

Nikanyamaza, mimi ninayelipwa kusema.

Akaanza kuzungumza. Tangu nimfahamu sijawahi kumsikia akiongea muda mrefu vile, na alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayepapasa swichi gizani. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa. Akisema atarudi Alhamisi, mama yake alimwekea sahani Alhamisi, akaifunika kwa sahani nyingine. Asiporudi, alimwekea Ijumaa. Siku ambazo hakuahidi kurudi, alimwekea pia.

"Asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nakila chakula hicho," akasema. "Mama hakuwa analia. Angekuwa analia labda ningezoea. Alikuwa anafunua, anatazama, anafunika tena, halafu ananiita nije nile. Nilipokua nikajiapiza kwamba hakuna mwanamke atakayefunika chakula kwa sababu yangu. Ndio wimbo wenyewe. Sikuwa nakataa kurudi. Nilikuwa nakataa kungojewa."

"Kwa nini hukuimba hivyo?"

"Nilidhani nimeimba."

Nikaurudia wimbo kichwani, mstari kwa mstari, nao ukageuka mikononi mwangu. Chakula kitapoa. Usiku utaisha. Alikuwa mtoto pale, amesimama pembeni ya meza, anamsihi mama yake akalale. Na mimi nilikuwa nimewaambia watu ni mwanaume anayetafuta mlango wa kutokea.

"Mimi nilisikia mtu anayekimbia," nikasema.

"Nilikuwa nakimbia pia. Yote mawili yamo. Ndiyo maana nimemwambia mama yako ulisema kweli."

"Na sasa?"

"Sasa nataka kurudi. Nataka kurudi kwako kila siku mpaka unichoke. Lakini mtu anarudije? Sijawahi kumwona anayerudi." Akanishika mkono. "Nitautunga ule ubeti. Nipe muda kidogo. Nitautunga, nije niuimbe mbele ya mama yako na mjomba, wasikie."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na nikashangaa hasira hiyo ilikuwa imejificha wapi.

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nakula kwa maneno ya wanaume. Kila siku ya Mungu nayafungua, nayatazama ndani. Najua ubeti unavyotengenezwa. Ukija ukauimba, wewe na sauti hiyo uliyopewa, mimi nitalia, mama atalia, mjomba atakohoa, nitakuvisha pete palepale. Halafu siku ya kwanza utakayochelewa nitakaa kitandani niuchambue, nitafute ulipodanganya. Sitaki unitungie. Usije kwangu na maneno."

"Nije na nini?"

"Sijui. Ninachokijua mimi ni maneno. Sijui."

Macho yake yalibaki juu yangu mpaka nikainamisha yangu. Vidole vyake vilinigusa shavu, vile vyenye sugu za nyuzi za gitaa, nikataka kusema basi, njoo, nimekusamehe kila kitu, twende tukaoane leo. Sikusema. Nilimwambia asinipigie mpaka ajue. Akaitikia kwa kichwa, akaenda, hakugeuka nyuma. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na nikamwacha aende.

Akatii. Mwanaume mwingine ungemwambia usinipigie, angepiga kabla hujafika nyumbani, huyu alitii. Siku zikapita, juma likaisha, likaanza jingine. Nilikuwa nikitoka kazini naangalia maegesho, nikijidanganya natafuta teksi. Nikifika chumbani kwangu naweka simu juu ya meza, uso juu, ili isije ikaita nisione. Nilikonda. Muuza mboga aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni kazi, akaniongezea nyanya moja bure.

Mama naye tuliongea kwa simu kila jioni, kama kawaida yetu, na jina la Kimya halikutoka kinywani mwake. Alinipa habari za jirani na gari lake, za mjomba na goti lake. Siku moja akasema, "Macho yangu yamepumzika. Siku hizi vitunguu havinisumbui." Nilidhani hatimaye amekwenda kupima miwani, nikampongeza. Akasema asante.

Kisha ikaja siku ile.

Tulikuwa studio, mimi na Fundi. Fundi ni dada anayekaa nyuma ya kioo, anaendesha mitambo na kupokea simu, na hakuna siri yangu asiyoijua, maana nasahau kwamba kinasa sauti kiko wazi. Akaninyooshea kidole kupitia kioo.

"Wameomba wimbo wa sahani tena," akasema masikioni mwangu. "Juma zima wanauomba, juma zima unaukwepa."

"Wimbo wenyewe ni mrefu."

"Ni mfupi kuliko nyimbo zote tulizonazo humu. Naupiga."

Akaupiga. Nikakaa na ile sauti masikioni, karibu kabisa, naisikia hata inavyomeza mate kati ya mistari. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Halafu gitaa peke yake, linazunguka, linarudi palepale, linazunguka tena. Nilikuwa na kawaida ya kuukata hapo nianze kusema. Safari hii sikuweza. Uliisha wenyewe, nikafungua kinasa sauti bila kujua ninachotaka kusema.

"Wapendwa, wimbo huu nilishawachambulia zamani. Leo nauacha kwenu. Mimi nasikiliza. Huyu bwana anasemaje kuhusu ndoa?"

Fundi akanitumbulia macho. Simu zikaanza. Bwana mmoja alisema mwimbaji huyo ni mhuni na kwamba anamuunga mkono kwa moyo wote. Kwa mbali tukasikia mkewe akimuuliza anaongea na nani, simu ikakatika. Muuguzi mmoja akasema yeye kila akitoka zamu huwekewa sahani na mumewe, kwa hiyo wimbo haumhusu, ila gitaa ni zuri. Nikacheka inavyotakiwa. Ndani nilikuwa nimepooza.

"Kuna mama mmoja," Fundi akasema. "Amekataa kutaja jina. Nampitisha?"

"Mpitishe." Nikasogea kwenye kinasa sauti. "Haloo, karibu kipindini. Tunaongea na nani?"

"Na msikilizaji," sauti ikasema. "Msikilizaji wa siku nyingi. Sijawahi kupiga."

Sauti hiyo iliniita mara ya kwanza kabla sijajua kuitika. Nyuma yake nikajisikia mwenyewe, nikijirudia, "tunaongea na nani, na nani."

"Karibu sana, mama," nikasema, nikishikilia utangazaji wangu kwa meno. "Tafadhali punguza sauti ya redio yako, tunasikika mara mbili."

"Aa, samahani." Akageuza mdomo kutoka kwenye simu. "Mwanangu, hebu punguza hiyo redio."

Mwangwi ukakatika. Mtu alikuwa amepunguza redio. Mama amezaa mtoto mmoja tu maishani mwake, na mtoto huyo alikuwa studio, amekaa mbele ya kinasa sauti.

"Sasa," mama akasema. "Nina neno juu ya ule wimbo. Wewe ni hodari, hapa nyumbani tunakusikiliza na tunajivunia. Lakini wimbo ule hukuumaliza."

"Sikuumaliza vipi, mama?"

"Ulisema pale gitaa linapolia peke yake, huyo bwana hana la kusema. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi siku hizi nimeusikiliza sana, nina sababu zangu. Nakwambia pale hakukosa la kusema. Pale hayupo tu. Ameenda jikoni."

Nyuma ya kioo Fundi akashika mdomo.

"Jikoni?" nikauliza, na sauti ilitoka ndogo.

"Jikoni. Hebu fikiri. Mtu anasema hataki kuwekewa sahani. Haya, nani huwekewa sahani? Mgeni huwekewa. Mume mchelewaji huwekewa. Asiyewekewa ni yule aliyekuwa anapika, maana sahani anaziweka yeye. Mimi nilimnyima mtu sahani mezani kwangu, kwa ajili ya wimbo huo. Nilidhani namwadhibu. Kesho yake saa tano akabisha hodi. Nikamwambia mwanangu yuko kazini. Akasema anajua, na ameambiwa asije na maneno. Akavua viatu, akauliza kisu kiko wapi."

Redioni kukaa kimya ni kosa kubwa. Wasikilizaji wanadhani mitambo imeharibika, wakubwa wanapiga simu. Fundi alikuwa ananipungia mikono yote miwili, sema, sema kitu. Sikuweza. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye shingo.

"Nilidhani ni ya siku moja," mama akaendelea, maana yeye hakuhitaji kuulizwa. "Keshokutwa akaja. Na siku iliyofuata. Kwa vitunguu hafai, anavikata kama anapasua kuni, na analia yeye badala yangu. Lakini anakuja. Tunakusikiliza pamoja, wewe unaongea, sisi tunapika. Juzi ilinyesha ile mvua, barabara yetu unaijua. Nikasema moyoni, leo hawezi. Nikaanza kumenya vitunguu mwenyewe." Sauti yake ikapungua. "Nikasikia geti."

Nilifunika uso. Nyuma ya sauti ya mama, kwa mbali, kisu kilikuwa kinagonga ubao, polepole, bila mpangilio, kisu cha mtu asiyejua. Mtu akavuta kamasi za vitunguu. Hakusema neno hata moja.

"Nilitaka kusema hilo tu," mama akasema. "Nisiwachukulie muda wenzangu. Ukimaliza kazi uje ule."

"Nakuja, mama," nikasema, hewani, nchi nzima ikisikia.

Simu ikakatwa. Fundi alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Ilikuwa bado kidogo kabla ya taarifa ya habari, na nilitakiwa kufunga kipindi kwa maneno mawili matatu ya busara, kama siku zote. Nikamwonyesha kwa mkono aurudishe wimbo, auanzie pale gitaa linapobaki peke yake, na asiukate mpaka habari zianze.

Kisha nikavua spika za masikioni, nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyumbani kula.